Springi za Nyuma

Jumatano, saa kumi na moja na robo jioni, mwalimu Venance alifungua geti la nyumba yake Mabibo, begi la safari begani, akaona gari lake limekaa ovyo. Mbele lilikuwa chini, vilevile alivyoliacha Jumatatu alipopanda treni kwenda semina Morogoro. Nyuma lilikuwa juu, buti limenyanyuka kama kuku anayedonoa.

Alipiga magoti, akachungulia. Springi fupi za nyuma na shokapu zake, za kulishusha gari, alizonunua mwezi uliopita baada ya kujinyima mwaka mzima, hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na springi ndefu na shokapu ndefu, zimefungwa vizuri, nati zimekazwa. Sasa jamani, mwizi gani anakuibia halafu anakufungia nyingine?

Swali hilo Venance hakujiuliza, hasira ilishampanda. Kufuli la geti lilikuwa zima. Mama yake, Mama Marietha, anayeishi naye, alisema Jumanne mchana alilala, hakusikia kitu. Lakini jirani aliyekuwa anaanua nguo alisema Jumanne hiyo, saa tisa alasiri, alimwona Salumu fundi akipita na jeki. Basi, ikatosha. Kabla ya saa kumi na mbili Venance alikuwa amefika kwenye gereji, kiwanja cha wazi kando ya barabara wanachofanyia kazi mafundi saba, akamwita Salumu mwizi mbele ya wenzake na wateja.

Salumu alifuta mikono kwa tambara, akasema hana la kusema. Mwenyekiti wa mafundi akaamua: kesho saa sita mchana springi ziwe zimerudi, la sivyo Salumu afungashe vifaa vyake aondoke. Venance akasema na polisi atawaita. Salumu alikuwa na miaka kumi na minne kiwanjani pale, na watoto watatu wanaokula kwa kazi hiyo.

Jioni hiyohiyo Venance alimpigia simu Auleria, muuza spea wa Mwananyamala, amwambie akiletewa springi zile dukani azizuie. Auleria ni mwanamke wa maneno mengi na subira kidogo, anauza springi na shokapu tu, na Venance alinunua kwake. Siku ile ya kuchagua alimkalisha karibu saa nzima. Watu wanakuja na picha kwenye simu, alimwambia, wanataka gari lilale chini, hawajui wanachoomba. Alimkataza kumruhusu fundi yeyote akate springi kwa grinda, maana iliyokatwa haikai sawa. Achukue springi fupi za kiwandani na shokapu zinazoendana nazo. Akamuuliza gari ni la kazi gani. La kila siku, Venance alijibu: shule, sokoni, na kila Ijumaa kumpeleka mama kliniki ya mgongo. Basi lishuke sentimita tatu, Auleria akashauri. Venance akataka tano. Auleria akamwonya kwamba hizo ni ngumu, atahisi kila jiwe. Venance akacheka, akasema anapenda kuihisi barabara. Akauziwa, akapewa na jina la fundi wa kuzifunga. Fundi huyo ni Salumu.

Kwa hiyo simu ile ilimchoma Auleria. Yeye ndiye aliyempeleka mteja kwa mtu anayeitwa mwizi.

"Za nyuma tu?" aliuliza.

Venance akasema ndiyo, za nyuma tu.

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, duka limefungwa, Auleria alikuwa Mabibo. Alianza na Rogers, mpangaji wa nyumba ya pili, mwenye gari aina ya Fielder kama la Venance, ambaye, kama Venance alivyomweleza, wiki iliyopita aliomba auziwe springi zile. Auleria alipitisha ngumi kati ya tairi na fenda ya gari la Rogers, ikaingia yote na nafasi ikabaki. Gari lilikuwa na urefu uleule liliokuja nao kutoka Japani. Rogers alisema Jumanne alishinda Mwenge kwenye duka la vinyago anakouza. Auleria alimpigia mwenye duka, naye akathibitisha. Na hata bila hayo, anayetaka kushusha gari anataka springi nne. Mbili za nyuma hazimfai mtu.

Kisha alitandika gunia, akalala chali chini ya gari la Venance na tochi ya simu. Hakukaa sana. Aliita, "Mwalimu, hii herufi V ya rangi nyeupe ni ya nani?"

Venance alisema ni yake. Aliweka alama kwenye spea zote, mpya na za zamani, kabla ya kupeleka gari kwa fundi, asije akabadilishiwa. Nani asiyeweka alama mjini hapa? Na kazi ilipokwisha alidai za zamani, kama kila mwenye gari anavyodai, akaja nazo nyumbani kwenye kiroba.

"Kiroba ukakiweka wapi?"

"Stoo."

Walikwenda stoo. Kufuli lilikuwa zima. Ndani ya kiroba zilibaki springi na shokapu za mbele tu. Za nyuma zilikuwa zimerudi kwenye gari. Auleria akauliza funguo ni ngapi. Mbili, Venance alisema: mmoja alikwenda nao Morogoro, mwingine anao mama. Akasema Salumu lazima aliiba ufunguo. Auleria akamtazama, akamwambia asubiri nyumbani na asimwambie mtu neno.

Saa tatu na nusu alimkuta Salumu gerejini anapanga spana zake kwenye sanduku, bila kusubiri saa sita. Auleria akaweka mkono juu ya sanduku.

"Zile nati umekaza wewe. Kazi yako naijua."

"Dada Auleria, niliahidi."

"Ulimuahidi nani?"

"Nikikwambia, nitakuwa nimeahidi nini sasa?"

Auleria hakuuliza tena. Alimwomba waende pamoja kwa mwalimu, na Salumu akafuata akitazama chini.

Saa nne na robo walikuwa sebuleni. Auleria alimwamkia Mama Marietha shikamoo, akapokea marahaba, akaketi karibu naye. Alisema mwizi angechukua zote nne, na asingepoteza muda kurudisha za zamani. Aliyefanya hivi hakuzitaka springi. Alitaka nyuma ya gari tu iwe laini kama zamani, na stoo aliifungua kwa ufunguo.

"Mama," aliuliza taratibu, "kwa nini za nyuma tu?"

Mama Marietha alijitazama mikono.

"Mbele mie sikai," alisema.

Mama akaeleza mwenyewe. Mgongo unamlazimu ajinyooshe kiti cha nyuma. Tangu gari lishushwe, kila tuta lilimpiga uti wa mgongo, akawa anauma kanga mpaka kliniki. Ijumaa mbili alisingizia homa ili asiende. Jumanne, mwanawe akiwa safarini, alimwita Salumu, akamfungulia geti na stoo. Salumu alimwambia gari litakaa vibaya na mwalimu ataona. Mama alijua kwamba mwanawe hulipiga gari picha kwa mbele tu, akadhani hataona. Alimwapisha Salumu anyamaze mpaka atakapopata maneno ya kumwambia. Springi fupi na shokapu zake zilikuwa chini ya kitanda chake.

Ya gerejini hakuyajua, maana Venance alikuwa amemwambia tu kwamba mwizi atapatikana. Auleria alipomweleza kwamba saa sita Salumu anafukuzwa, Mama Marietha alijifunika uso kwa kanga.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" Venance aliuliza.

"Ungezitoa siku hiyohiyo. Tangu mkeo Clara afariki, miaka miwili, sijakusikia ukicheka. Siku uliyoleta gari limeshuka ulicheka pale getini, peke yako. Ningekwambiaje?"

Venance alilia pale pale, mbele ya wageni, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Saa sita kasoro kumi Venance alisimama katikati ya gereji, Salumu kando yake; gari alikuwa ameliegesha barabarani, kiroba cha stoo kikiwa ndani. Mafundi walikuwa wanakula. Mwenyekiti akaweka kijiko chini. Venance alisema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba jana alimwita Salumu mwizi hapo hapo.

"Salumu si mwizi. Mama yangu alikuwa nyuma yangu anaumia, mimi nikiongeza sauti ya redio. Salumu alijua, mimi sikujua."

Kisha akamgeukia, akamwomba msamaha kwa jina lake. Salumu akafungua sanduku, akatoa jeki.

"Lisogeze hapa, mwalimu," alisema. "Kesho Ijumaa. Tumalizie za mbele."