Matundu Matatu Kwenye Bodi

Ni nani aliyeyaua mayai ya mama mdogo?

Msomi, kama nyumba nzima ilivyomwita tangu aingie chuo kikuu, alisimama mbele ya mashine ya kutotolea vifaranga. Mama mdogo alikuwa amepasua yai jingine tena. Ndani yake kifaranga kilichokwisha kuota manyoya kilikuwa kimejikunja, kimekufa.

"Kioo cha mashine kilisema joto ni nyuzi thelathini na saba na nusu siku zote," mama mdogo alilalama. "Sasa hiki kimekufa kwa wivu?"

"Kimekufa kwa baridi," baba mdogo akasema. "Mashine hii aliitengeneza nani?"

Macho yote yakamgeukia Koleo, mchumba wa Msomi na mwanafunzi mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa sababu koleo ya kushikia nyaya haikutoka mfukoni mwake. Kijana aliinama, akafungua kifuniko, akaitazama bodi ya umeme ndani yake kwa kitambo. Kisha akamtazama Msomi usoni. Akakifunga kifuniko.

"Ni mimi, baba."

"Nilimwambia!" Msomi alidakia, uso ukimwaka. "Kipima joto alichoweka ni takataka. Haya ndiyo matokeo yake!"

"Msomi..."

"Usiniite! Umeniaibisha mbele ya wazee wangu."

Baba mdogo akakohoa.

"Kijana, mtu aliyeshindwa kulinda yai, tutamkabidhije binti? Mambo ya posa tuyaweke kando kwanza."

Koleo aliaga kwa adabu, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Msomi alikaa peke yake na mashine ile, amedhamiria kuthibitisha kwamba kipima joto ni kibovu. Aliiunganisha bodi na kompyuta yake, akaweka pembeni kipimajoto cha zebaki. Vyote viwili vikasema neno moja. Akamwandikia Koleo ujumbe:

"Kipima joto chako ni kizima. Basi ulikosea wapi?"

Jibu likaja:

"Usikipimie kwenye kompyuta. Kipimie kwenye chaja ya mama mdogo inayoendesha mashine, feni ikizunguka."

Alifanya hivyo, kisha akasubiri joto litulie. Kioo cha mashine kilisema thelathini na saba na nusu. Kipimajoto cha zebaki kilisema thelathini na nne na nusu. Akagusisha nyaya za mita ya kupimia volti kwenye bodi: volti nne nukta sita, mahali ambapo programu iliamini kuna tano kamili. Bodi hulijua joto kwa kuilinganisha volti ya kipima joto na volti yake yenyewe. Hii ya pili ikipungua, joto huonekana kubwa kuliko lilivyo, na taa ya kupasha huzimwa mapema.

Ndipo alipoyaona matundu matatu matupu.

Hapo palikuwa na kijipande cha miguu mitatu, alichokiweka Koleo ili bodi iwe na volti mbili na nusu za kulinganishia, zisizoyumba hata chaja ikizidiwa. Msomi ndiye aliyeking'oa akakitumia kwenye kazi yake ya maonyesho ya chuo, akabadili mstari mmoja wa programu huku akijisemea, "Tano ni tano." Kwenye kompyuta, kweli ilikuwa tano.

Akampigia Koleo simu.

"Jana uliyaona matundu?"

"Niliyaona."

"Kwa nini hukusema, jamani?"

"Nilidhani unajua. Uliponishtaki mbele ya wazee, nikajiambia: basi, amechagua kunitupia lawama."

"Naapa sikujua kwamba ndicho chanzo!"

"Sasa unajua," Koleo akasema, akakata simu.

Mama mdogo alipita na nguo za kushona begani. Akamwona Msomi ana machozi.

"Achana naye, mwanangu. Umeponea chupuchupu."

Ili lawama ibaki kwa Koleo, ilimtosha kunyamaza tu. Koleo asingesema kamwe, hilo alilijua, na ndilo lililomfanya atamani ardhi ipasuke immeze. Akaandika ujumbe mwingine:

"Njoo jioni. Sitakuomba useme lolote."

Alikuja. Wazee waliketi sebuleni, nyuso zimekunjamana. Msomi alikataa kiti.

"Mama, ukimpima mteja wa nguo kwa utepe wa mpira unaovutika, itakuwaje?"

"Nitamharibia nguo, na atanitukana hadi ukoo wa saba."

"Koleo aliweka utepe usiovutika ndani ya mashine. Mimi niliung'oa bila kumwambia mtu, nikaacha wa mpira. Mayai nimeyaua mimi."

Mama mdogo alishika kinywa.

"Na kipima joto kibovu?" baba mdogo akauliza polepole.

"Ni kizima, baba. Niliropoka kitu nisichokuwa nimekipima."

"Basi nacho kiombwe radhi," Koleo alisema akitazama sakafu. Mama mdogo akacheka bila kutaka, kisha akafuta machozi.

Msomi akamgeukia mchumba wake. Hakuinamisha kichwa.

"Nisamehe. Nilikuvunjia heshima ili kuilinda yangu."

Koleo akaitoa koleo yake mfukoni, akaiweka kiganjani mwa Msomi.

"Kirudishe kijipande. Miguu yake usiikunje."

"Posa yenyewe je?" baba mdogo akauliza. "Tuseme nini kwa watu?"

"Semeni ukweli, baba. Aliyekosa ni mimi. Mayai mengine nitayalinda mimi mwenyewe mpaka yaanguliwe, na nitaolewa na Koleo."