Komeo la Juu

Mkate ndio uliomtoa nyumbani jioni ile. Jua lilikuwa linazama, mkewe ameshainjika chai, na duka la jirani, kama kawaida yake, lilikuwa limeishiwa. Akasogea mpaka duka la pili, huku akinung'unika kwamba baba wa watoto wawili ni tarishi asiye na mshahara.

Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti. Mtaa mzima ulilala usingizi mnono nyuma ya kazi ya mikono yake, ila kwake mwenyewe lango lilikuwa bati kuukuu lililofungwa kwa kamba. "Mganga hajigangi," mkewe alizoea kumtania. Utani huo ulikoma baada ya ile safari ya likizo.

Baba huyu alipenda kusafiri na wanawe kuliko kula. Na katika safari zote, penye stendi na penye kuchimba dawa, hakuwaita kwa majina. Alipiga mluzi: sauti tatu, ya mwisho ikipanda. Popote walipokuwa, kaka mtu na mdogo wake, Kidoti, walikuja mbio bila kuuliza. Alijivunia hilo kupita kiasi.

Siku ya kurudi, magharibi iliwakuta njiani, penye vichaka na ukimya. Watoto wakashuka kujisaidia. Mkewe akamshika mkono.

"Waite kwa mdomo, baba watoto. Mluzi wa saa hizi unaita hata usiowajua."

"Acha mambo ya bibi zako, wewe."

Akapiga. Watoto wakaja mbio, wanacheka.

Kisha, kutoka vichakani, mluzi ukajibu.

Sauti tatu. Ya mwisho ikipanda.

 Wiki iliyofuata, wote wanne wakiwa mezani, mluzi ule ule ulisikika langoni. Kidoti aliruka kitini. Alikuwa keshashika kitasa cha mlango alipogeuka, akamwona baba yake amekaa pale pale, kijiko mkononi. Mtoto alijikojolea kwa hofu. Baba naye, tuseme ukweli, nusura.

Kesho yake akachomelea geti jipya: chuma kitupu, miiba juu, upenyo hata wa kidole hakuna. Kitasa kinachojifunga chenyewe na kufunguka kwa ndani tu, na makomeo matatu ya kufunga usiku, la juu kabisa Kidoti hulifikia akibebwa tu. Akawaketisha wanawe.

"Nisikilizeni, wanangu. Mluzi huo si wa baba. Baba hapigi mluzi tena. Baba atabisha hodi, ataongea."

Miezi ikapita, kimya. Hata yeye alianza kusahau.

Mpaka jioni ile ya mkate. Alirudi nao kwapani, bado una moto. Akabisha.

"Kidoti, ni baba. Fungua."

Hatua ndogo zikaja, zikasimama. Alimsikia mtoto akipumua upande wa pili wa chuma.

"Kidoti?"

"Baba amesema tusifungue," mtoto akanong'ona.

"Baba yupi? Baba si mimi?"

"Baba keshaingia. Alibisha hodi, akaongea... ameleta na mkate."

 Akalipiga geti kwa ngumi, akamwita mkewe, akamwita kaka mtu. Geti likanguruma tu, na jikoni vicheko vikaendelea. Alilijenga vizuri mno. Juu ya miiba ilikuja harufu ya majani mabichi, ile ya vichakani. Na huko uani, mtu alikuwa akitembea taratibu, akiburuza ndara.

Ndara zake.

Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu ambacho wanawe walikifuata bila kuuliza. Midomo ilikuwa imemkauka. Akailowesha kwa ulimi, akapiga mluzi.

Sauti tatu. Ya mwisho ikipanda.

Ndara zikasimama. Vicheko vya jikoni vikakatika. Alisubiri mbio za miguu ya watoto.

Badala yake akaisikia sauti yake mwenyewe, ya upole, karibu kabisa na chuma.

"Nisikilizeni, wanangu. Mluzi huo si wa baba."

Komeo la chini likafungwa. Kisha la kati.

Kimya kidogo... kama mtu anayeinama, anayenyanyua kitu.

Kidoti akacheka, sauti ikitokea juu, juu kabisa, na komeo la tatu likaingia mahali pake.