Pengo la Juu Kilimani

Ukungu uliwakuta ndani ya magofu, na kabla hawajakubaliana washuke au wasubiri, ukameza kilima kizima. Fundi alinyoosha mkono asivione vidole vyake.

"Wifi! Uko wapi?"

"Hapa. Wewe tulia, naifuata sauti yako."

Walikuwa wawili tu; dereva alibaki chini na gari. Fundi alikuwa mwashi, aliyejenga kuta za watu tangu usichana wake, mpaka hata mama mzazi akaacha kumwita jina lake, akamwita Fundi. Wifi alikuwa mke wa kaka yake, mwalimu, na safari ilikuwa yake: alitaka kuuona mji wa kale uliojengwa kwa mawe matupu, bila udongo wala saruji. Asubuhi kaka mtu alishika mlango wa gari akasema, "Fundi, unamchukua mzima. Nirudishie mzima." Wakacheka wote.

Sasa walishikana mikono, wakatafuta njia. Wala haikuwa kazi ngumu. Mji ulizungushiwa ukuta mmoja mrefu, nao waliingilia kwenye pengo lililobomoka, wakiruka mawe yaliyoanguka. Ukiupapasa ukuta usiuachie, lazima utalifikia pengo. Wakapapasa, jiwe baada ya jiwe, baridi ikiwapenya mifupani, mpaka Fundi akakanyaga kitu laini. Ulikuwa mtandio wa Wifi, waliouacha chini kama alama pale walipoanzia.

"Tumezunguka mji mzima," Wifi alinong'ona. "Pengo liko wapi?"

Tok. Kimya. Tok, tok.

"Jiwe limeanguka," Fundi alisema haraka. Alidanganya. Sauti ile aliijua kama anavyokijua kikohozi cha mama yake: mtu alikuwa anagonga jiwe likae sawasawa.

Wakazunguka tena. Ukuta haukuwa na pengo. Hapo Wifi akapandwa na kiherehere cha woga, akaparamia mawe, akasema yeye atatokea juu kwa juu. Jiwe lilimchomoka mkononi. Alianguka chini kama gunia, na ncha ya jiwe ikamchana muundi.

Fundi aliosha kidonda, akakifunga kwa mtandio, akakaza.

"Maji yamebaki?"

"Yameishia kwenye mguu wako."

"Basi nitakunywa ukungu," Wifi alisema, lakini meno yake yalikuwa yanagongana. Mtandio ulikuwa umeshaanza kulowa damu. Mchana ulikuwa unaelekea kuisha, na Fundi aliogopa, akaogopa hasa, kwamba mke wa kaka yake hataiona asubuhi.

Alimwegemeza Wifi ukutani, akaenda peke yake, polepole, akipapasa kwa viganja vyote viwili. Mkono ukasimama. Katikati ya mawe mawili palikuwa na kijiwe chembamba kilichosokomezwa kutokea chini, kimelala upande. Yeye tu ndiye aliyekuwa akisokomeza kijiwe namna ile, kwa dole gumba la kushoto. Mwalimu wake wa uashi alimgombeza miaka yote, naye hakuacha.

Akakumbuka. Mchana ule, kabla ya ukungu, Wifi akipiga picha, yeye alizunguka upande wa pili wa magofu akakuta ukuta umebomoka. Kwa ndani hakulitambua pengo lao. Alidhani ni jingine. Mikono ikamwasha. Akaokota mawe, akapanga, kwa raha zake. Lakini kazi yake iliishia kiunoni, Wifi alipomwita. Ukuta huu ulimpita kichwa. Akapapasa juu ya kazi yake: jiwe moja refu lilikuwa limelazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake mengine, yamebanana hata ukucha haupenyi. Mkono ule haukuwa wake.

"Wifi," aliita. "Pengo nimeliziba mimi. Nisamehe."

Kisha Wifi akacheka na kulia kwa pamoja. "Ukoo gani huu nimeolewa! Hata magofu hamwezi kuyaacha yapumzike?"

Fundi alichomoa kijiwe, kisha mawe yake, moja moja. Ya juu hayakutikisika. Jiwe refu liliyabeba. Likabaki tundu la mtu kutambaa. Alimvuta Wifi kwa makwapa, akamtoa, akambeba mgongoni, akashuka kilima akitanguliza kisigino. Huko chini honi ya gari ikaanza kulia, naye akaifuata.

Tok, nyuma yao. Tok, tok.

"Fundi, unagonga nini?"

"Mikono yangu yote imekushika wewe."

Wifi alimkaba shingo.

Dereva aliwapokea kwa chupa ya maji na blanketi. Wifi alikunywa, akatapika, akanywa tena, na uso wake ukarudiwa na uhai. Fundi alipouona, machozi yakamtoka asiyafute. Dereva alikuwa bado anatazama juu, ametega sikio.

"Na huyo mwenzenu anayegonga, tumsubiri?"

Fundi aliingia garini akafunga mlango.

"Twende," akasema. "Yule yuko kwake."