Lengalenga za Kando ya Kijito

Korido ya kliniki ilijaa watu asubuhi hiyo, na Benita alikuwa wa kumi na tatu kwenye mstari wa kutoa damu. Tantine yake, shangazi, alikuwa anasubiri kupasuliwa na alihitaji damu. Benita alivaa kikwembe cha kijani na libaya, blauzi ya mikono mipana, na kila mstari uliposogea alishika ukuta, maana kichwa kilimzunguka.

Alipoketi, kijana wa labo, maabara ya kliniki, alimchoma kidole, akatazama mashine yake, akatazama tena.

"Madame, siwezi kukukamata damu."

"Juu ya nini?"

"Juu weye mwenyewe damu yako iko kidogo. Unakula nini ku nyumba?"

Watu waligeuka. Benita akaona haya, na haya ikageuka hasira. "Nakula mboga kila siku. Tena safi kupita za huu muji wote! Ni mi mwenyewe nazilima, ndani ya nyumba, mu mayi na taa. Hazigusi bulongo hata kidogo."

"Mboga ya ampoule?" Kijana akacheka, akionyesha balbu iliyoning'inia juu yao. "Basi ampoule haikukupa damu, mama."

Jina lake lilikuwa Osée. Koti lake jeupe lilipigwa pasi hadi kola ikasimama, na viatu vilimetameta ingawa alitoka mtaa wa Katuba kila asubuhi akiruka madimbwi. Alimpa vidonge vya madini ya chuma, akaandika namba yake ya simu juu ya pakiti.

"Kichwa kikizunguka, nipigie. Kisipozunguka, nipigie vilevile."

Alimpigia kesho yake.

"Allô, docteur ya kucheka bantu."

"Miye si docteur, chérie."

"Na mi si chérie yako."

"Bado," alisema Osée, na Benita akajikuta anatabasamu peke yake jikoni.

Wiki ya pili Osée alifika mtaa wa Bel-Air, kwa Benita, kuona hiyo mboga. Ilikuwa ndani ya depo ya kupanga iliyoungana na nyumba yake: rafu za ghorofa nne, mwanga wa zambarau, mizizi myeupe ikining'inia majini. Kulikuwa na saladi, na lengalenga pia, mchicha wa majani mapana yasiyo na tundu hata moja. Ndipo Benita alipomweleza. Dada yake Chancelvie alizaa mtoto aliyeishi siku mbili tu. Hakuna daktari aliyewaambia sababu. Majirani ndio waliosema: wengine walitaja vumbi la migodi, wengine mboga za mashamba. Tangu siku ile, miaka minne sasa, Benita hakuweka mdomoni kitu kilichoota katika udongo wa Lubumbashi. Hakula maharagwe, hakula sombe ya majani ya muhogo, hakula matembele. Alikula wali wa magunia ya kutoka nje na majani yake mwenyewe.

"Chérie," Osée alisema polepole, "woga wako njo unakumaliza damu."

Vidonge vilimchafua tumbo, akaviacha. Basi Osée akafanya alilofanya. Kila Jumapili alikuja na sufuria iliyofunikwa, lengalenga za karanga na samaki wakavu. Alimwambia kuna ba sœur fulani, masista wa kanisa, wanaozilima majini, kama yeye. Benita alikula. Baada ya wiki sita alipanda ngazi bila kupumzika, midomo ikarudi na rangi, na Osée hakuwa tena mgeni katika nyumba ile.

Mwezi wa nne tangu wajuane Osée alimpeleka Katuba kumsalimu mama yake. Mama Germaine alitoka uani na mikono yenye maji, akamkumbatia hivyo hivyo.

"Kumbe njo weye sasa! Kila Jumapili naamuka mapema kukata lengalenga juu yako. Osée ananiambia unamaliza sufuria yote. Kuja, nikuonyeshe shamba."

Matuta yalianza nyuma ya nyumba, yakashuka hadi kijitoni. Ng'ambo ya maji lilisimama rundo jeusi la takataka za kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichofungwa zamani. Ukingoni maji yalikuwa na rangi ya kijani isiyo ya majani.

Benita alisimama. Alitazama yale maji, kisha lengalenga zilizoota kando yake.

"Osée. Ba sœur bako wapi?"

Osée aliangalia viatu vyake.

"Nakuuliza. Ba sœur bako wapi?"

"Hakuna ba sœur. Ulikuwa unakufa mbele yangu, Benita. Sikujua kufanya namna ingine."

"Niko na mimba," alisema Benita. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Nilitaka kukuambia leo."

Aliondoka bila kuaga, akipita kati ya matuta huku ameinua kikwembe kisiguse jani.

Simu yake ilizimwa siku hiyo na siku zilizofuata. Alikaa kati ya rafu zake, mkono tumboni, akihesabu Jumapili alizokula zile lengalenga. Zilikuwa kumi na nne. Kila kichomi kidogo kilimkumbusha kitanda cha Chancelvie. Akaogopa kula, kisha akaogopa kutokula. Huko kliniki, Osée alivunja chupa tatu za damu siku moja kwa kugeukia simu kila ilipolia.

Siku ya tano aligonga mlango wa depo.

"Benita, fungula."

"Enda."

"Sikuje kuomba musamaha leo. Nakuja kuomba majani yako na damu yako. Lengalenga za mama nimeshakata, za juu na za kijitoni. Tupime byote, tujue kama kuko sumu ya kiwanda. Siwezi kukaa nikiogopa kintu chenye sijui."

Mlango ulifunguka kiasi cha kiganja.

Majibu yalichukua siku kumi. Daktari Mukuka, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliwaketisha mbele yake na kufungua karatasi. 

"Lengalenga za matuta ya juu, karibu na nyumba, risasi, ile madini ya sumu, iko kidogo sana, zinaliwa. Za kijitoni zimepita kipimo. Hizo hakuna kula tena, hata za kuosha." Akageuza ukurasa. "Za Bel-Air hazina risasi kabisa. Lakini chuma yake ni nusu ya zile za Katuba, na ni mboga ileile. Unaweka nini mu mayi?"

"Niko naweka unga ya chakula cha mumea," Benita alisema. "Ile ya chuma niliipunguza. Iko na rangi ya kutu. Niliogopa ni sumu."

"Basi mumea itakupa nini, kama haukuipa?"

"Na damu yangu?"

"Risasi iko, kidogo. Haiko ya kunitisha. Tutapima kila mwezi. Siwezi kukuapia juu ya mutoto, hakuna docteur anaweza. Lakini moyo yake nimeisikia. Inapiga muzuri."

Benita alilia hadi miwani ya daktari ikaonekana mawingu mawili. Osée alimwachia kitambaa chake, hakuthubutu kumgusa.

Nje Benita alimwuliza, "Ulijua juu ya kijito?"

"Hapana. Nimekomalia pale tangu niko mutoto. Lakini nilikudanganya, na kosa ile siwezi kuiweka juu ya kijito."

"Usirudie."

"Sitarudia."

Wakaenda pamoja kumwambia Mama Germaine. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua jembe, akashuka. Lengalenga za kijitoni zilikuwa zimefika kiunoni. Aling'oa moja moja, akitupa nyuma yake.

"Osée nilimulisha hizi tangu meno ya kwanza," alisema bila kuinua uso.

"Mama, miye niko muzima."

"Unajua je?"

 Osée akakunja suruali, akashuka kumsaidia. Benita alipotaka kufuata, mama alipiga kelele: "Weye baki kule juu!" Basi alibaki kwenye matuta ya juu, akiwatazama wawili wale wakirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka ukingo wote ukawa mtupu.

Osée alipanda, matope hadi viwiko. "Benita, nikuoe?"

"Nawa mikono kwanza."

Alinawa kwa sabuni mara tatu. Benita aliipokea ile mikono ikiwa bado inatiririka, akaiweka tumboni.

"Bado naogopa," alisema.

"Na mi vilevile. Sana."

"Baba yangu iko Kalemie. Njo yeye utaenda kuuliza."

"Atakubali?"

"Sijui," alisema Benita. "Tutaenda bote bawili."