Kikohozi Nyuma ya Kufuli

Kila asubuhi Jerop alikunywa chai, akavaa sweta ya shule, kisha akamfungia mama yake ndani ya nyumba.

Hakupenda kuifanya kazi hiyo, na aliifanya akiwa ameangalia pembeni. Alirudisha mlango polepole, akapitisha kufuli kwenye komeo na kulibana. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba, chini ya shati, mahali ambapo hakuna mtu angeuona. Halafu aliondoka mbio, kama mtoto yeyote anayeogopa kuchelewa shule.

Waliishi Karagita, karibu na Ziwa Naivasha, katika ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana, kila familia na chumba chake kimoja. Wapangaji wengi walifanya kazi katika mashamba ya maua. Basi liliwachukua kabla jua halijachomoza, na baada ya hapo ploti ilibaki na akina mama wenye watoto wachanga, kuku, na nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyehitaji kuelezwa: mlango ukiwa na kufuli nje, mwenyewe yuko kazini, usijisumbue kubisha. Hata Eucabeth, mhudumu wa afya ya jamii aliyepita nyumba kwa nyumba na mkoba wake wa dawa na vipimo, aliheshimu kufuli. Akiliona, anapita, anaenda mlango unaofuata.

Mama yake Jerop, ambaye jina lake ni Jepkemei, aliijua desturi hiyo vizuri, na ndiyo aliyoitumia kujificha. Alikuwa akikohoa tangu majira ya baridi. Kwanza alisema ni vumbi. Baadaye akasema ni dawa wanazonyunyizia waridi. Alipokonda mpaka sketi ikawa haishiki kiunoni bila pini, na shuka likawa linalowa jasho, aliacha kabisa kusema ni nini. Alimdanganya supavaiza wake kwamba amefiwa na anakwenda matanga kwao Rongai. Badala ya kwenda Rongai, alilala kitandani na kujifunika gubigubi.

"Wakijua ni kifua, kazi imeisha," alimwambia Jerop. Sauti yake ilikuwa imekauka, ikawa mkwaruzo tu. "Na Kibii atatutoa kwa nyumba. Si ulisikia walivyomfanyia Kipsang?"

Jerop alikuwa amesikia. Kipsang alikuwa fundi wa viatu aliyeishi katika chumba hichohicho kabla yao. Alipoanza kukohoa, majirani walimtengea ndoo yake ya maji, na watoto wakakatazwa kumpelekea viatu. Kibii, msimamizi wa ploti, akamwambia atafute nyumba kwingine. Kipsang hakutafuta. Alijifungia ndani, akafa humo peke yake.

"Wewe funga tu," mama alisema. "Nikipata nafuu nitatoka."

Dirisha nalo waliliziba kwa katoni ili mtu asichungulie. Chumba kikawa na giza na joto, na hewa nzito ya mtu aliyelala muda mrefu.

Lakini kikohozi, jamani, hakifungiwi kwa kufuli. Watoto waliokuwa wakicheza uani walikisikia, na wa kwanza kuuliza alikuwa Mburu, mvulana wa chumba cha pili ambaye alisoma darasa moja na Jerop. Mburu alikuwa na maswali mengi na aibu haba.

"Jerop, niaje. Kwenu kuna mtu?"

"Hakuna. Mathe yuko job."

"Sasa ni nani anakohoa huko ndani?"

Jerop angeweza kusema ukweli pale pale, na hadithi hii ingekuwa fupi. Badala yake alitazama huku na huku, akashusha sauti.

"Ni Kipsang," alisema. "Bado yuko. Sisi humsikia akigonga viatu."

Mburu hakuuliza swali lingine, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Hadithi ilimwasha ulimini, akaimwaga kabla ya ugali kuiva. Kufikia siku iliyofuata, akina mama walikuwa wamehamisha kamba za nguo hadi upande wa pili, na watoto hawakuthubutu kuupitia mlango ule hata mpira wao ukibingirika hadi pale. Mama yake Mburu, ambaye alikuwa mtu wa kanisa na wa maneno mengi, alisema yeye aliijua roho ya Kipsang tangu zamani, haikupata mtu wa kuiaga vizuri.

Mwanzoni Jerop alifurahi. Uongo wake ulikuwa umemlinda mama kuliko kufuli. Lakini ukilisha uongo kila siku, hunenepa, na huu ulianza kumwandama mwenyewe. Darasani, mwenzake akikohoa, yeye aliruka kwenye dawati. Alikuwa akirudi jioni, anafungua mlango, na kusimama kizingitini akitazama kile kitu chembamba kilicholala gizani. Macho yalikuwa yamedidimia, mashavu yameingia ndani. Kuna siku alishindwa kabisa kuingia mpaka kile kitu kilipomwita jina lake. Aliona aibu kubwa kumwogopa mama yake mzazi, lakini alimwogopa.

Jioni moja Eucabeth alimkuta penye bomba la maji.

"Jerop, msichana wa mbio, leo huniponyoki," alisema akicheka. "Mbona mamako simpati? Kila nikija, kufuli."

"Yuko kazini, Anti."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili. Maua ni mengi sana."

Eucabeth aliacha kucheka, akauweka mkoba wake chini. "Nasikia kwenu kuna mzimu unaokohoa. Mimi nimezunguka ploti hizi miaka mingi, Jerop, na nimeona mengi. Lakini maiti hakohoi. Anayekohoa ana mapafu."

Jerop alitazama maji yakifurika kwenye ndoo.

"Nisikilize, mwanangu," Eucabeth aliendelea kwa upole. "Zahanati hufunguliwa watu wakiwa shambani, na wakirudi wanakuta imefungwa. Wengine wanaogopa kuonekana kwenye foleni. Ndiyo maana mimi hufuata watu mlangoni. Na siri ya mtu hulala kwangu. Kuna jambo unataka kuniambia?"

Maneno yalimfika Jerop kooni. Akamkumbuka supavaiza, akamkumbuka Kibii, akayameza.

"Hakuna, Anti."

"Haya. Mimi naweza kungoja," alisema Eucabeth akiinua mkoba. "Ugonjwa ndio haungoji."

Siku chache baadaye Jerop alirudi kutoka shuleni akasikia nyimbo kabla hajafika langoni. Uani akina mama walikuwa wamesimama pamoja, mbali na mlango wao, wakiimba nyimbo za kanisa. Mama Mburu alikuwa mbele, ameinua Biblia. Kibii alisimama nyuma yao ameshika kipande cha chuma. Watoto walikuwa wamejibanza ukutani.

"Ameanza leo mchana," Mburu alimnong'oneza Jerop. "Kipsang. Anagonga mlango anataka kutoka. Sikia."

Jerop alisikia. Gong. Kimya. Gong. Mabati ya mlango yalitetemeka kidogo kwa chini, karibu na sakafu. Kisha ukaja mkwaruzo, kama kucha zikiburuzwa.

"Shindwa!" Mama Mburu alikemea. "Ondoka katika ploti hii, wewe roho!" Nao wengine wakazidisha sauti.

Gong. Safari hii ilikuwa hafifu zaidi. Wakaimba ubeti mwingine, na ulipokwisha walinyamaza wasikilize. Mlango ulikuwa kimya.

"Ameshindwa," alisema Mama Mburu akijipangusa jasho. "Bwana asifiwe."

"Asifiwe," wakaitikia, na baadhi yao wakaanza kushikana mikono kwa furaha.

Jerop alisimama katikati ya furaha ile. Alitaka mlango ugongwe tena. Katika maisha yake hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kusikia ile gong. Akisema ukweli, mama ataambiwa atoke katika nyumba kama Kipsang. Asiposema, atatolewa kama Kipsang pia, lakini amebebwa. Akaishika kamba ya ufunguo.

"Si mzimu," alisema. Hakuna aliyemsikia. Akapaza sauti mpaka ikapasuka. "Si mzimu! Ni mama yangu. Mimi ndiye nilimfungia. Ni mgonjwa, na nyinyi mnamwimbia."

Jerop alikimbia mlangoni, lakini kwa haraka yake ufunguo ukakataa kuingia. Mtu alimtoa kando. Alikuwa Kibii. Alipitisha kile chuma kwenye komeo, akalikongoa kwa nguvu zote, likang'oka.

Mlango haukufunguka vizuri kwa sababu Jepkemei alikuwa ameanguka nyuma yake. Waliusukuma kidogo kidogo. Alikuwa amelala sakafuni, leso imebanwa mdomoni, na leso ile ilikuwa na damu. Jerop alipiga magoti akaweka sikio kifuani pake. Ndani kabisa, mbali, kulikuwa na pumzi.

"Mburu, kimbia kwa Eucabeth," Kibii aliamuru, naye Mburu akatoka kama mshale.

Eucabeth alikuja bila hata kufunga aproni. Alijifunga barakoa, akaipasua ile katoni ya dirishani kwa mkono mmoja, akasema mgonjwa apelekwe nje penye hewa. Jepkemei alibebwa kwenye godoro hadi uani, na Kibii akaenda kuomba gari kwa mwenye duka la jirani. Eucabeth alimsaidia kunywa maji kidogo kidogo, akimwita jina lake, akimwambia asilale. Walifika hospitali Naivasha jua likiwa bado liko juu.

Ilikuwa kifua kikuu, kama Jepkemei mwenyewe alivyojua moyoni. Alilazwa, akaanza dawa. Dawa zilitolewa bure, jambo ambalo hakuwahi kulijua kwa sababu hakuwahi kuuliza. Jerop naye alipimwa, akakutwa mzima, akapewa dawa za kumkinga. Eucabeth alirudi kwenye ploti kuwapima wengine, mlango kwa mlango. Aliyekutwa na kikohozi alipewa kikopo cha kuweka makohozi, ambacho Eucabeth alikipeleka mwenyewe maabara.

Mama Mburu alipopata zamu yake alitikisa kichwa. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu Jepkemei angesema tu. Sisi ni majirani."

Eucabeth alifunga kikopo chake taratibu. Alikuwa amekasirika, na hakuificha hasira yake.

"Mama Mburu, mtu hajifichi kwa kumwogopa simba peke yake. Hujificha pia kwa kuwaogopa watu. Kipsang mlimtengea ndoo. Mwanamke huyu alikuwa akiiona ndoo ile akilini mwake kila siku. Kifua kikuu kinatibika. Mtu akinywa dawa zake vizuri, baada ya wiki chache hata hawezi kuambukiza wengine. Kinachoua watu hapa ni ile ndoo."

Kibii, ambaye alikuwa akisikiliza, mwisho wa wiki alionekana na msumeno, akikata madirisha ya vyumba vyote yawe makubwa, na mtu akimuuliza, anasema tu kwamba joto limezidi.

Jepkemei alirudi nyumbani, na Eucabeth alipita kila mara kuhakikisha amemeza dawa zake bila kuruka. Alikwenda naye pia kwa supavaiza, wakamweleza ukweli. Supavaiza alikunja uso kwa sababu ya matanga yale ya uongo, lakini akasema daktari akimruhusu, nafasi yake ipo. Mwili ulianza kurudi, na ile pini ya sketi ikakosa kazi.

Jumamosi moja alikaa nje juani akimenya waru, viazi vya chakula cha jioni. Mama Mburu alikuwa ameleta kigoda chake na kisu chake, wakamenya pamoja. Jerop alikuwa akiosha vyombo kando yao. Kwa muda mrefu kulikuwa na swali lililomnyima usingizi, maana bado alikuwa akiisikia ile gong, hata darasani, hata kanisani. Siku hiyo aliliuliza.

"Mama, ile siku, huko ndani, ulikuwa unatusikia?"

Jepkemei aliendelea kumenya kidogo.

"Nilisikia nyimbo," alisema. "Damu ilinijia, nikaogopa, nikajikokota hadi mlangoni. Sauti haikutoka, basi nikagonga. Nikasikia watu wengi wanaimba. Nikajisemea, kumbe wanajua niko hapa. Wanajua, na wameanza kunizika. Ndiyo nikaacha kugonga."

Kisu cha Mama Mburu kilisimama. Aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye sufuria ya waru, wala hakuyafuta. Jerop naye alilia, mikono yake ikiwa ndani ya povu.

Jepkemei aliwaacha walie. Kisha akamvuta binti yake karibu.

"Sikulaumu wewe peke yako. Uongo ule niliupanda mimi, wewe ulinyunyizia maji tu. Kwa hiyo tujifunze sote. Ukiugua, sema mapema, na useme kwa mtu anayeweza kukusaidia. Usiuvike ugonjwa nguo za mzimu. Na siku yoyote ukisikia mtu anagonga kutoka ndani, mwanangu, fungua kwanza. Kama ni mzimu, utakimbia baadaye."