Nguvu Iliyopotea Luhwindja

Ariane Bulonza alikuwa ameshika upande mmoja wa roli ya waya wa shaba, na mwanaume mwenye shati la kitenge cha kijani ameshika upande wa pili. Soko la Kadutu liliwasukuma huku na huku, muuzaji akicheka tu.

— Maman, niachilie. Iko ya mwisho.

— Maman ya nani? Niko mademoiselle, sijaolewa!

— Pardon. Basi mademoiselle aniachilie.

Wakaigawana. Mwanaume aliitwa Isidore, mhandisi wa redio za vituo vya afya. Ariane alifundisha elektroniki katika taasisi moja ya mjini, na jioni alirudi mtaani Nyalukemba, kwenye nyumba ambayo tangu dada yake aolewe haikuwa na sauti ila ya mvua juu ya mabati. Baada ya siku ile simu ya Isidore haikukosa.

— Chérie, ulikula?

— Nilikula. Na wewe?

— Mimi ninakula sauti yako.

— Utakonda, papa!

Isidore alitakiwa kusimamisha antena ya wima kule Luhwindja, nguzo moja iliyonyooka juu, ili manesi wasikike hadi mji wa Kindu. Ariane akaichora kwenye kompyuta. Programu ikaonyesha kwamba itaongeza nguvu ya mawimbi kwa desibeli tano, zaidi ya mara tatu ya ile ya zamani. Isidore akapanda milimani akiimba.

Wiki iliyofuata alipiga simu, bila chérie.

— Bruno, ule wa redio ya Kindu, amelinganisha na antena ya zamani. Iko sawasawa tu. Tano yako haiko.

— Kompyuta haikosee. Labda nyaya za ardhini, chini ya nguzo, ulizilaza vibaya.

— Vibaya? Ariane, niko mu mvua tangu siku ya lundi, mikono imepasuka! Unaamini masini kuliko mimi?

— Ninaamini hesabu.

— Basi uolewe na hesabu.

Simu ikakatika. Ariane alipompigia tena, hakupatikana. Kesho yake vilevile. Jumapili alitoka misani na gauni la bluu alilolipenda Isidore, akatembea peke yake katikati ya watu walioshikana mikono. Akajisemea huyu amepata mwingine.

Ili asilie, alifungua programu, akakagua kila kitu upya. Ndipo akaona. Ardhi aliyoiweka mle ilikuwa kamilifu, inarudisha mawimbi yote kama kioo. Aliiweka hivyo kwa ajili ya wanafunzi, akasahau kuibadilisha. Alipoweka ardhi kavu ya mawe, zile tano zilishuka karibu na sifuri. Isidore alikuwa amepima sawa.

Asubuhi alipanda jipu la kwenda Luhwindja, magoti yamebanwa na magunia. Alimkuta Isidore chini ya nguzo, ndevu zimeota.

— Nilikukosea, Isidore. Udongo wa mu kompyuta haukuwa wa hapa.

— Telefone yangu ilianguka mu maji ile siku. Lakini hata ingekuwa muzima, singekuita. Niliumia.

Walilaza nyaya nyingine, nyingi, zikitawanyika kila upande kutoka mguu wa antena, ili zisaidie ardhi ile kavu. Bruno alipopima tena, nguvu ilikuwa imepanda. Haikufika tano, ila alimsikia nesi neno kwa neno. Ariane akaruka kwa furaha. Isidore hakucheka.

— Nilisaini kazi ya Kindu. Miaka mbili. Niliwaza umenichoka.

Ariane akauchomoa mkono wake kutoka mkononi mwa Isidore.

— Ulisaini bila kuniuliza?

— Ndiyo. Na neno langu siwezi kulirudisha. Lakini nikirudi, utakubali nikuoe?

Ariane alipangusa udongo mikononi.

— Ninakubali. Lakini nimekasirika, ujue.

— Kasirika, chérie. Bora umekubali.

Isidore alienda kusalimia wazazi wa Ariane, akamvisha pete, kisha ndege ikamchukua kutoka uwanja wa Kavumu kwenda Kindu. Jioni ile majirani wa Nyalukemba walikuja kutazama pete, wakapiga vigelegele, wakarudi kwao. Ariane akafunga mlango, akakaa kwenye kiti bila kuwasha taa. Zamani alikuwa peke yake bila kumngoja mtu. Sasa alikuwa anangoja, na nyumba ilionekana kubwa zaidi.