Landrova Iliyofika Kirushya

Genoveva alikuwa akipitisha sindano ya magunia kwenye pindo la turubai, barazani sokoni Biharamulo, watu waliposukuma Landrova kuukuu hadi mbele yake. Kijana mrefu mwenye shati lililojaa madoa ya grisi akaruka chini.

"Dada, nisaidie macho. Mradi wa maji unaniuzia gari hili. Wanasema halijatembea sana."

Genoveva akapapasa turubai la gari, kisha akachungulia ndani. "Hili limeshonwa upya mara tatu, kila fundi na mkono wake. Tena tazama pedali ya klachi, raba imeliwa mpaka chuma. Gari hili limezunguka dunia, kaka."

"Ndiyo maana bei yake naiweza. Jipya lina wenyewe." Akacheka. "Mimi Mihayo. Nikilinunua utanishonea turubai?"

"Ukilinunua nitakupa pole."

Kuanzia siku hiyo Mihayo hakukosa barazani. Akivuliwa kofia na upepo, ni barazani ilikoangukia. "Ukivaa hilo gauni la njano, Geno, wateja wanasahau walichokuja kushona." Naye humjibu, "Wewe unakumbuka? Hujawahi kuleta hata kifungo."

Kaka yake Mihayo, Bulugu, aliyehamia Nyamigogo na mifugo kutoka Shinyanga, akamkatia ng'ombe wa mahari. Siku ya kuipeleka ikapangwa. Kwa Mzee Desderius, babake Genoveva, huko Kirushya, wageni wakajaa chini ya migomba, pombe ya ndizi ikamiminwa. Mara Landrova ikapanda kilima ikitoa moshi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'ombe wako nyuma?"

"Ng'ombe ndio hawa, baba. Nimewageuza gari. Litabeba maharage yenu hadi Biharamulo. Baada ya mavuno mawili tu nitawaleta wale, na wengine juu yao."

Mzee akalizunguka gari polepole. "Linazaa?"

Wageni wakaangua kicheko. Mihayo akamtazama Genoveva. Genoveva akatazama chini.

"Ungesema neno moja tu," Mihayo alimwambia baadaye, njiani.

"Neno gani? Umeniuza ukanunua vyuma."

Wakanuniana. Wakiwa bado wamenuniana, vita ikazuka mpakani. Magari ya watu yakachukuliwa kubeba askari na chakula. Gia ya pili ya ile Landrova haikumtii mtu mwingine, basi Mihayo akaenda nayo. Asubuhi ya kuondoka alisimama barazani akapiga honi. Genoveva akakanyaga cherehani kwa nguvu, asiisikie. Alipoinua uso, aliona mpasuko tu nyuma ya turubai, ukipigapiga kwa upepo.

Mvua zilikuwa zimeshika kasi siku Restuta wa posta alipomwita mbio aje kwenye simu. Genoveva akafika na futi ya kupimia bado shingoni.

"Geno? Niko Bukoba. Kesho tunavuka."

"Mihayo, siku ile—"

"Turubai limechanika, mama. Nalowa mgongo, na fundi wangu kanisusa."

Genoveva alicheka huku machozi yakimtoka. "Lilete nilishone."

"Na baba yako?"

"Muache baba. Mimi nimekubali. Unasikia? Nimekubali!"

Simu ikakoroma, ikakatika. Akabaki ameishika, asijue kama neno lile lilifika.

Vita ilipokwisha Landrova ilirudi. Askari mmoja, Methusela, aliiegesha mbele ya baraza.

"Wewe ndiye fundi? Alisema likirudi liletwe kwa mke wake."

"Alisema mke?"

"Njia nzima."

"Yeye yuko wapi?"

Methusela akavua kofia.

Bulugu alikuja kutoka Nyamigogo, akasimama mbali kidogo. "Tunakaa matanga. Nilitamani nikuchukue, binti. Lakini mahari haikupokelewa. Utakaa kama nani?"

Aliyekuwa na jibu aliteremka siku ya pili kwenye lori la maharage, fimbo mkononi. Mzee Desderius hakumsalimu mtu. Akalizunguka gari polepole, kama siku ile. Akapitisha kidole kwenye pedali ya klachi iliyolika.

"Bulugu," akasema, "mahari yenu nimeipokea. Ilifika Kirushya kwa magurudumu yake, mimi ndiye niliyechelewa kupokea. Mchukue mjane wenu."

"Kesho asubuhi, baba," Bulugu akajibu kwa sauti ndogo. "Tutakwenda naye kwa gari hili hili."

Genoveva akachukua sindano ya magunia, akapanda nyuma, akaanza kushona ule mpasuko. Alishona hadi giza likamkuta katikati. Akaichomeka sindano kwenye turubai, uzi ukaning'inia, akashuka. Pande mbili zilizosalia wazi atazikutanisha kesho, kabla hawajaondoka.